Posta Ifunguliwe, Lakini Masharti Yatangulie

(Maneno ya mwanachama wetu, mtumishi wa serikali, kwenye mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme machache juu ya kufungua kazi za posta kwa ushindani. Nasema kama raia, siyo kwa niaba ya ofisi yangu.

Wengi wetu tuliitwa kidato cha kwanza kwa barua iliyopitia sanduku la posta la shule ya msingi au la misheni. Hakuna aliyeulizwa kijiji chake kina faida gani. Stempu ilikuwa ya bei moja, barua iende Kigoma au Kariakoo. Utaratibu huo ulianza Uingereza mwaka 1840, na maana yake ni kwamba barua ya mjini huichangia nauli barua ya kijijini.

Mtu binafsi akiruhusiwa kubeba vifurushi vya Dar es Salaam na Arusha, atavifikisha upesi. Simlaumu, mabasi yanayobeba vifurushi yameizindua hata posta yetu. Lakini atachukua mnofu na kuacha mfupa. Liwale na Ukerewe atakwenda nani, na kwa fedha za nani?

Siupingi ushindani. Ninalopinga ni kufungua mlango leo na kutafuta bawabu kesho. Sheria za 1993 ziligawa Shirika la Posta na Simu, na Januari 1994 Shirika la Posta likaanza kujitegemea bila mapato ya simu. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, wa kuwasaidia walio mahali pasipo na faida, uliletwa na sheria ya 2006: miaka 13 baadaye.

Wafanyakazi nao waliachwa nyuma. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, mali za posta, reli, bandari na ndege zikagawanywa. Zaidi ya miaka 25 baadaye waliozitumikia walikuwa bado wanadai mafao yao mahakamani. Wengine walikufa wakingoja.

Basi napendekeza mambo 3 yaandikwe kabla ya leseni kutolewa. Kwanza, mwenye leseni ama afike vijijini, ama achangie mfuko wa kumlipa anayefika. Pili, bei ya barua ya kawaida ibaki moja nchi nzima. Tatu, mshahara, bima na mafao yalindwe kwa wote. Anayetaka kupunguza bei apunguze kwa maarifa yake, siyo kwa jasho la tarishi.

Wapo watakaosema barua zimekufa kwa sababu ya simu. Lakini kitabu, dawa, na bidhaa uliyoiagiza kwa simu hiyo hiyo, havipiti hewani. Sharti mtu avibebe.

Kati yetu wamo wanasheria, wafanyabiashara na viongozi wa wafanyakazi. Muswada wa namna hii ukija, tuusome ungali karatasi.