Tumpapase Punda Kabla ya Kumpakia



Februari 2024 Umoja wa Afrika ulikubaliana kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Ni jambo jema. Lakini mgongo wa punda wetu tunauharibu wenyewe. Madumu manne ya lita 20 ni kilo 80! Punda akiumia hunyamaza, nasi tunamwita mkaidi. Hata mimi nilimwita hivyo, nikaongeza na fimbo.

Jioni, mzigo ukishashuka, anza shingoni kwa kiganja, shuka taratibu mabegani hadi kiunoni, pembeni mwa uti wa mgongo. Usikandamize mfupa. Msuli uliokaza utausikia kama kamba. Tulia hapo, ukande kwa upole. Akishusha kichwa na kutafunatafuna, endelea. Akinyanyua kichwa au akitaka kuuma, acha, hapo pana maumivu. Penye joto, uvimbe au kidonda usikande kabisa. Mwite afisa mifugo.

Ila kukanda jioni na kupakia vibaya asubuhi ni kazi bure. Kunja magunia, yakae pande zote mbili, katikati pabaki wazi ili mzigo usiguse uti wa mgongo. Madumu yalingane kushoto na kulia. Mwenye kidonda apumzike. Najua siku hiyo ndoo hurudi kichwani kwa mama. Ndiyo maana niliomba akina baba waje leo.

Sasa mleteni yule wa kijivu, tuanze naye.