Kuvu Inayonasa Sumu Majini

Msikilizaji wa Kasulu na Kibondo, leo tunazungumzia metali mbili zenye sumu, risasi na zebaki, ndani ya maji. Risasi hutoka kwenye betri chakavu za sola na magari. Zebaki hutumiwa na wachimbaji wadogo kukamatia dhahabu. Kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakuondoi metali hizi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na watoto ndio wanaoumia zaidi, kwa sababu risasi hudhuru ubongo wao.

Ili kunasa metali hizi, wanasayansi wanatumia kuvu, jamii moja na uyoga. Ukuta wa seli zake una dutu iitwayo kitini na sehemu zenye chaji hasi, ambazo huvuta chembe za metali zenye chaji chanya. Hata kuvu iliyokufa, ikikaushwa na kusagwa, hunasa metali maji taka yanapopita. Ikioshwa kwa asidi huziachia metali hizo, kisha huweza kutumika tena. Hiyo ni kazi ya mitambo na wataalamu, si ya ndoo ya nyumbani.

Uyoga wa porini nao hunyonya metali za udongoni. Kwa hiyo akina mama na akina baba, mvua zikianza, msichume uyoga karibu na machimbo, gereji au palipotupwa betri. Msipasue betri wala kumwaga maji yake kijitoni: Mto Ruchugi unaingia Malagarasi, na Malagarasi inaingia Ziwa Tanganyika. Betri chakavu iwekeni mbali na watoto, kisha mpeni mkusanyaji mwenye kibali.