Mtoto Akiumwa na Mbwa: Jiandae kwa Dawa ya Kinga

Leo tuzungumze kuhusu mtoto aliyeumwa na mbwa.

Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili hakina tiba. Lakini kinazuilika ukifanya haraka. Ndiyo sababu mwaka wa 2014 Kenya ilianza mpango wa kukitokomeza kufikia 2030, na kaunti yetu ya Makueni ikawa kati ya zile za kwanza.

Kabla hujatafuta gari, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Ukiwa na jeri la maji tu, mimina kidogo kidogo. Usipake pilipili, mafuta ya taa wala udongo. Kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Huko kuna dawa mbili. Chanjo huufundisha mwili kutengeneza kinga, lakini huchukua siku kadhaa. Imunoglobulini ni kinga iliyo tayari; humlinda mtoto wakati chanjo bado inajipanga. Hupewa mtoto ambaye ngozi imechanika au damu imetoka, na ambaye hajawahi kumaliza chanjo hii. Hudungwa mara moja tu, ndani ya kidonda na kandokando yake.

Jiandae hivi:

1. Beba kijitabu cha kliniki. Baada ya imunoglobulini, huenda nesi akaahirisha chanjo ya surua kwa miezi michache.

2. Mtoto apimwe uzito, kwa maana kipimo cha dawa hutegemea kilo zake.

3. Sema kama kuna dawa au chakula kinachomdhuru.

4. Sema mapema kwamba ameumwa na mbwa, ili kidonda kisishonwe kabla ya dawa.

5. Mnyonyeshe au mlishe, na ubebe leso. Usimdanganye kwamba haitauma. Mwambie, "Itauma kidogo, nami nitakushika."

6. Baada ya sindano msiondoke mara moja. Ngojeni hadi nesi awaruhusu.

Dawa hii haipatikani kila mahali. Mwombe nesi apige simu Makindu au Wote kabla hujalipa nauli. Ikikosekana, chanjo isingoje! Anza chanjo leo, uendelee kuitafuta; bado inafaa hadi siku ya 7 tangu chanjo ya kwanza.

Mama mmoja aliniambia, "Sista, nilingoja nione kama mbwa atakufa." Mama, usingoje. Mbwa anayejulikana afungwe na achunguzwe siku 10, na afisa wa mifugo aarifiwe. Lakini mtoto awe ameshaanza matibabu.

Mwisho, rudi kila tarehe iliyoandikwa kwenye kadi, hata kidonda kikipona. Na mbwa wako pia achanjwe kila mwaka.