Spika tano, sauti moja

(Mazungumzo ya juma hili kama yalivyosomwa redioni)

Ndugu msikilizaji, leo sizungumzii bei ya mahindi wala ng'ombe walioibwa. Nazungumzia spika. Ukipita mjini Tarime asubuhi, kabla hata maduka ya nguo hayajafunguliwa, wenye maduka ya vyombo vya umeme wameshayatoa masabufa yao nje na kuyaelekeza barabarani, kila mmoja akishindana na jirani yake. Ndivyo ilivyo Sirari, ndivyo ilivyo Nyamongo, na ukivuka mto Mara ukafika Mugumu utayakuta mengine yanakungoja stendi. Siku hizi kijana akipanga chumba, godoro hununuliwa la pili. La kwanza ni sabufa.

Nami sikutaka kuachwa nyuma. Nilinunua la kwangu lenye maandishi makubwa kwenye boksi: 5.1. Ndani yake mlikuwa na spika ndogo tano na boksi moja la besi. Nilizipanga kama picha ilivyoelekeza: mbili mbele kushoto na kulia, moja katikati chini ya televisheni, mbili nyuma ya kochi, na besi pembeni. Nikamwita baba yangu mdogo, ambaye alikuwa amekuja mjini kutibiwa mguu, akae katikati asikilize.

Huyu mzee lazima nimweleze kidogo. Ni mpiga litungu, lile zeze kubwa la Wakurya lenye nyuzi nane, lenye sauti nzito inayokoroma kama fahali aliyekasirika. Amepiga harusini, kwenye sherehe za tohara, na mara moja mbele ya mkuu wa mkoa ambaye, kwa maneno yake mwenyewe, alisinzia. Basi alikaa, akasikiliza wimbo mzima, akageuza shingo akaitazama spika ya nyuma, kisha akaniuliza: "Mura, huyu wa nyuma mbona anasema yale yale ya wa mbele?"

Sikuwa na jibu. Nilipolipata, nilitamani niwe nimemuuliza kabla ya kutoa pesa.

Kumbe sabufa nyingi hizi za bei ya chini zina matundu mawili tu ya kuingizia sauti, lile jekundu na lile jeupe. Sauti inaingia kwa njia mbili, basi. Hata ukifunga spika kumi, zote zitagawana njia hizo hizo mbili. Sauti ya 5.1 iliyo ya kweli huchanganywa na kuwekwa kwenye sahani katika njia sita: tano za spika na moja ya besi, hiyo ndiyo ile "nukta moja". Gitaa linaweza kuwekwa nyuma yako, waitikiaji kulia, mwimbaji mbele. Jambo lenyewe si geni. Wazungu walilijaribu miaka ya sabini kwa santuri za pembe nne, wakauza mitambo ya aina tatu isiyosikilizana, biashara ikafa. Ikafufuliwa na sinema mwaka 1992, halafu zikaja DVD, na mwaka 1999 na 2000 zikatoka sahani mbili za muziki wa aina hii: SACD na DVD-Audio. Nazo soko lake halikufika mbali. Lakini soko likifa kule, sisi wa mtumba ndio tunafaidi.

Kwa hiyo nilianza upya, na safari hii nilianza na fundi. Fundi wangu ana kibanda nyuma ya soko la Tarime, na ushauri wake ulikuwa mfupi: achana na sabufa jipya, tafuta "home theatre" kuukuu, ile yenye deki ya DVD ndani yake. Zile za miaka ya 2005 hadi 2010 hivi watu wanazitupa stoo kwa sababu hazina bluetooth wala tundu la flashi, na vijana bila flashi hawaelewi muziki unatoka wapi. Lakini ndani zina mtambo wa kuzifumbua njia zote sita. Yangu niliipata kwa laki moja na ishirini, spika moja ikiwa imetobolewa na panya. Fundi akaiziba kwa elfu tano. Kabla hujalipa, hakikisha rimoti ipo, maana nyingine huwezi kubadili mpangilio wa spika bila rimoti, na rimoti ya mashine ya zamani ni kama jino la mamba, unaisikia tu.

Sasa sahani. Hapa ndipo pesa za watu zinapopotelea. DVD nyingi za kwaya na bongo fleva nilizowahi kununua zina njia mbili tu, hata kama kwenye jalada wamechora spika zinazotoa moto. Geuza kasha, soma maandishi madogo ya nyuma. Kama hakuna maneno Dolby Digital 5.1 au DTS, rudisha. Na zile zilizochomwa barabarani kwa elfu moja usizitegemee hata kidogo: mchomaji akitaka kubanisha albamu nane kwenye sahani moja, kitu cha kwanza anachokitupa ni zile njia za nyuma. Ukiacha suala la haki ya msanii, ambalo sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 inalijua vizuri, unakuwa umenunua upya kosa langu la kwanza.

SACD ikwepe mwanzoni. Ukiitia kwenye deki ya kawaida, ama itakupa njia mbili tu ama itakataa kabisa. DVD-Audio ni tofauti: nyingi zina sehemu ya pili ambayo deki yoyote ya DVD inaisoma, kwa hiyo ukiiona usiiogope jina. Ipo na CD ya DTS, nayo ni mtego wa aina yake. Ukiipiga kwenye redio ya CD ya kawaida inatoa mvumo kama mvua ya mawe juu ya bati, na wauzaji wengi wakisikia hivyo hudhani ni mbovu. Mimi ya kwangu nilipewa bure kwa sababu hiyo, na sikumwambia aliyenipa. Mungu anisamehe.

Ukitaka kupanda ngazi bila kufilisika, pita kwenye vibanda vya gemu. PlayStation 3, iliyotoka mwaka 2006, inasoma DVD na Blu-ray, na zile za matoleo ya awali kabisa husoma hata SACD. Vijana wakihamia mashine mpya, hiyo huuzwa kwa bei ya mbuzi.

Msikilizaji ataniuliza: je, nianze na albamu gani? Mimi sahani yangu ya kwanza ililetwa na binamu yangu kutoka Nairobi, mtumba, ya Eagles, lile onyesho lao la mwaka 1994 liitwalo Hell Freezes Over. Wazee wetu waliozoea Jim Reeves wataipenda. Makofi ya watazamaji yanakuja nyuma ya kichwa chako, na mara ya kwanza niligeuka kuona nani ameingia. Ya pili ni ya mtoto wa nyumbani, ukitaka. Freddie Mercury alizaliwa Zanzibar mwaka 1946, na albamu ya Queen ya mwaka 1975, A Night at the Opera, ilitolewa kwa njia sita kwenye DVD-Audio mwaka 2002. Hiyo ni ghali. Lakini mwaka huo huo ilitoka DVD yao ya video, Greatest Video Hits 1, ambayo nayo ina njia sita na bei yake mtu anaweza kuivumilia. Ukisikia yale masauti yanavyokimbizana kutoka kona hii hadi ile utaelewa kwa nini watu walihangaika na spika za nyuma. Bob Marley naye, ile Legend ya kila daladala, ilipofikisha miaka thelathini mwaka 2014 ilitolewa na Blu-ray yenye njia sita. Hiyo bado naitafuta.

Mpango wangu ni sahani moja kila baada ya miezi miwili, na kubadilishana na wenzangu wawili, mmoja mwalimu Mugumu na mwingine wakala wa forodha Sirari. Watatu tukiwa na sahani saba saba, kila mmoja anasikiliza ishirini na moja. Tangu mwaka 2021 Apple nao wanao muziki wa namna hii kwa mtandao, ila bando likiisha albamu imeondoka. Mimi napenda kitu ninachoweza kukishika.

Neno moja la tahadhari kwa wapenzi wa zamani. Usitafute D. O. Misiani kwa njia sita. Yule ni mtoto wa Shirati, enzi hizo ikiwa bado ni Tarime kabla Rorya haijawa wilaya mwaka 2007, na magitaa yake ya benga yalinilea. Lakini alirekodi kwa mitambo ya wakati wake. Ukiona nyimbo zake zimeandikwa "surround", ujue mtu amezinyunyizia mwangwi kwa kompyuta. Funga spika za nyuma, acha mbili za mbele, mzee aimbe kama alivyoimba.

Na muziki wetu wa asili je? Hapo, ndugu msikilizaji, dukani hakuna. Hugh Tracey alizunguka Tanganyika mwaka 1950 na mitambo yake akirekodi ngoma, na Redio Tanzania nayo ilijaza kanda nyingi ambazo leo ziko mikononi mwa TBC. Lakini litungu la kijiji chetu, lililopigwa na mtu ninayemjua, niliwahi kuwa nalo mara moja tu. Mwaka 1994 nilimrekodi baba mdogo kwa redio kaseti, dakika sitini, pande zote mbili. Ile kanda niliazimwa na mtu wa ukoo. Iliporudi, upande wa kwanza ulikuwa na mpira wa Simba na Yanga na upande wa pili ulikuwa na mahubiri. Kati ya watu saba walioimba siku ile, leo wako hai watatu. Aliyekuwa akicheza na njuga miguuni alifariki mwaka juzi.

Ndiyo maana mpwa wangu wa Mugumu aliponiambia inawezekana kujitengenezea sahani ya njia nyingi kwa simu, nilipanda gari siku hiyo hiyo. Tulikusanya simu nne. Kila moja inarekodi peke yake. Mtu anapiga kofi moja kubwa mwanzoni, na baadaye kwenye kompyuta mpwa wangu analitafuta lile kofi katika rekodi zote nne na kuzilinganisha hapo, kwa programu ya bure iitwayo Audacity. Kila wimbo tuliupigia kofi lake, kwa sababu saa za simu haziendi sawasawa na baada ya muda mrefu moja huanza kuachwa. Simu zote ziwekwe zisipokee mtandao. Hili tulijifunza pale mmoja wetu alipotumiwa elfu kumi katikati ya wimbo.

Mara ya kwanza tulizitundika kwenye pembe nne za ua, wapigaji wakiwa katikati. Tukachoma DVD, tukamkalisha mzee. Alisikiliza, akageuka tena kama siku ile. "Mura, wa nyuma bado anasema yale yale."

Na alikuwa sahihi. Simu zote nne, kwa kuwa zilikuwa mbali, zilisikia kitu kimoja. Nikamuuliza basi angetaka vipi. Akasema yeye hajawahi kuusikia muziki wake kutoka uani. Huusikia kutoka kwenye kigoda: litungu liko kifuani, waitikiaji wako nyuma ya bega la kushoto, njuga ziko kulia chini karibu na ardhi, na mbele wako akina mama wanaopiga vigelegele. "Ziwekeni huko," akasema, "halafu mnikalishe mimi katikati."

Mara ya pili tukafanya alivyosema, simu moja kwa kila kundi, hatua moja kutoka kwao. Ile ya njuga tuliizungushia kitambaa kwa ajili ya vumbi. Kijana wa miaka kumi na tisa ndiye aliyevaa njuga za marehemu, na anakosea mara mbili katika wimbo wa tatu, inasikika wazi upande wa kulia. Mzee alipofika hapo alicheka, akaonyesha kwa kidole pale sakafuni ambapo hapakuwa na mtu.

Sahani hiyo sasa ni ya nane katika kabati langu. Nimetoa nakala tatu, na moja iko kijijini kwenye sanduku la chuma lenye kufuli. Haziazimwi. Bado kuna nyimbo anazozikumbuka yeye peke yake, amezihesabu kwa vidole akafika kumi na nne, na mguu wake haujapona. Tumepanga Jumamosi mbili zijazo, mvua isiponyesha. Simu ya nne kioo chake kimepasuka, tunatafuta ya kuazima.