Hotuba juu ya Kuupanga Mwaka kwa Kuzitazama Sikukuu za Taifa



Tumeombwa kusema nanyi habari ya sikukuu za Serikali, na jinsi impasavyo mwenye shamba na nyumba kuupanga mwaka wake akizitazama. Huenda wengine wakadhani kwamba habari hii yawahusu makarani na walimu tu. Mkulima hana kengele ya kumwingiza kazini wala ya kumtoa, na ng'ombe hajui Pasaka wala Mei Mosi. Hukamuliwa asubuhi na jioni kama siku zote. Ni kweli. Lakini mkulima huyo ndiye apandaye gari alfajiri kwenda bomani kwa haja yake, akafika akakuta mlango umefungwa. Karani amepumzika kwake kwa haki yake, na hasara ni ya yule aliyelipa nauli.

Sisi wenyewe yalitupata. Mwaka mmoja tulikuwa na haja ya karatasi ya ofisi moja ili tupate mbolea ya kupandia. Tukachelewa njiani kwa sababu ya mvua, tukafika mjini siku ya Alhamisi jioni, na kesho yake ilikuwa Ijumaa Kuu. Tukasema, tutangoja. Tulingoja mpaka Jumanne, tukila na kulala kwa fedha, na tuliporudi nyumbani mahindi ya jirani zetu yalikuwa yamekwisha kuota. Yetu yalipandwa nyuma, na mvua zikakatika wakati yalipokuwa ndiyo kwanza yanatoa mbelewele. Mavuno yake hatuna haja ya kuyataja. Hatumlaumu mtu, maana kalenda ilikuwa imetundikwa ukutani kwetu tangu Januari, wala hatukuitazama ila kwa ajili ya picha yake.

Basi, katika Tanzania sikukuu zifungwazo kazi ni za namna mbili: ziko zisizohama, na ziko zihamazo. Zisizohama ni hizi: Mwaka Mpya, 12 Januari, ukumbusho wa Mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964, 7 Aprili, siku aliyouawa Sheikh Abeid Amani Karume mwaka 1972, 26 Aprili, siku ya Muungano wa mwaka 1964, Mei Mosi, siku ya wafanyakazi, Saba Saba, ukumbusho wa kuundwa kwa TANU mwaka 1954, ambayo sasa ni siku ya maonyesho ya biashara, Nane Nane, siku ya wakulima, 14 Oktoba, siku aliyofariki Mwalimu Nyerere mwaka 1999, 9 Desemba, siku ya Uhuru wa Tanganyika wa mwaka 1961, kisha Krismasi na siku ifuatayo. Hizo mtoto wa shule aweza kuzikariri.

Zihamazo ndizo zituchanganyazo. Pasaka hufuata jua na mwezi pamoja: huwa Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza tangu 21 Machi, nayo haitangulii 22 Machi wala haipiti 25 Aprili. Idd el Fitr, Idd el Haj na Maulidi hufuata mwezi peke yake. Mwaka wa mwezi una siku 354 au 355, kwa hiyo kila mwaka sikukuu hizi hurudi nyuma yapata siku kumi na moja katika kalenda ya ukutani. Mtoto aliyezaliwa wakati Idd ilipoangukia mavuno, atakapofika miaka kumi na sita ataiona imeangukia upande wa pili wa mwaka. Wako kati yenu wanaokumbuka mwaka 2000, ambao Idd el Fitr ilisaliwa mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Desemba. Na kwa hesabu ya wajuzi wa nyota, katika mwaka 2030 mwezi wa Ramadhani utaanza mara mbili. Siku yenyewe hungoja mwandamo wa mwezi, lakini kosa la hesabu halizidi siku moja au mbili. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba Idd haiwezi kupangiwa. Aache siku mbili mbele na nyuma, basi.

Sasa tazameni jinsi sikukuu zinavyokutana. Chukueni mwaka 2026 uwe mfano. Ijumaa Kuu ni 3 Aprili, Jumatatu ya Pasaka ni 6 Aprili, na siku ya pili yake, Jumanne, ni siku ya Karume. Hesabuni pamoja na Jumamosi na Jumapili: ni siku tano mfululizo ambazo madawati ya Serikali hayana mtu. Na siku tano hizo zi wapi? Zimo katikati ya masika, ambayo katika pande za Kilimanjaro, Tanga, Morogoro na pwani hunyesha tangu Machi hata Mei. Ndio wakati wa kupanda na kupalilia, wakati ambao mkulima akikosa dawa ya viwavi leo, wiki ijayo atainunua bure, kwa kuwa majani yamekwisha kuliwa. Wa pande za Mbeya, Njombe, Rukwa na Ruvuma wasicheke. Mvua zao huanza Novemba au Desemba, na wao mtego wao ni kuanzia siku ya Uhuru hadi Mapinduzi, sikukuu tano katika majuma matano, nao wangali wakipanda au wakingojea mbolea ya kukuzia. Kwa hao shauri letu ni moja: vitu vya shambani na viwe ndani ya nyumba kabla ya 9 Desemba, na kwa watu wa masika, kabla ya Machi kwisha. Maduka mengine hufunguliwa siku ya sikukuu, lakini mwenye duka la dawa akiwa amekwenda kwao, kufuli haliulizwi.

Twapenda kukaa kidogo juu ya Nane Nane, kwa kuwa hiyo ni yenu. Mahali pengi mahindi yamekwisha vunwa, njia ni kavu, na mkulima anajua alichopata na alichokosa. Maonyesho huanza tarehe 1 Agosti: Morogoro, Nzuguni karibu na Dodoma, Themi mjini Arusha, uwanja wa John Mwakangale mjini Mbeya, Ngongo huko Lindi, na mahali pengine. Wengi wetu hungoja tarehe 8 yenyewe. Hapo hukuta umati, ngoma na hotuba (nasi tusemao hotuba tusijitoe), na mtaalamu wa mbegu hana nafasi hata ya kunywa maji. Nendeni tarehe 3 au 4. Chukueni jani lenye ugonjwa au suke lililooza, mkamwonyeshe mtu wa Taasisi ya Utafiti wa Kilimo, naye atakaa nanyi kivulini mkazungumza. Tarehe 8 waachieni watoto wakatazame madume ya ng'ombe.

Sikukuu ni soko pia. Bei ya mbuzi hupanda kabla ya Idd el Haj, na ya kuku kabla ya Krismasi, na kila mtu ajua. Lakini wauzao ni wachache kuliko wajuao, kwa sababu hesabu hii hufanywa kutoka mwisho kwenda mwanzo. Kuku wa kisasa wa nyama hukaa majuma matano au sita. Atakaye kuuza tarehe 22 Desemba na awe na vifaranga tangu katikati ya Novemba. Nyanya huchukua yapata miezi minne tangu mbegu kuingia kitaluni. Mbuzi wa kunenepeshwa apewe miezi mitatu. Na kwa kuwa Idd hurudi nyuma, aliyepata faida mwaka huu asifuate tarehe ile ile mwaka ujao, atawapeleka mbuzi wake sokoni watu wamekwisha kula.

Tena iko habari ya mfuko wa fedha, nayo ndiyo nzito. Desemba ndugu walio mijini hurudi. Huko Kilimanjaro mabasi hujaa hata watu wakakosa nafasi. Hilo ni jambo jema, na mambo ya ukoo yanayohitaji watu wote, kama mipaka ya kihamba au posa, yafaa yawekewe siku hizo, wala si kuwaita watu mara tatu kwa mwaka. Lakini twaona nyumba nyingi zikichinja, zikishona nguo na kukaribisha wageni, kisha Januari ikaingia na sare, madaftari na mbegu vikitaka fedha ile ile. Tenga fedha ya Januari kabla ya Desemba, na aishike mama wa nyumba. Yeye ndiye asiyepumzika sikukuu hata moja, maana wote wakipumzika yeye hupika. Basi asinyimwe na fedha.

Kwa vijana wetu wenye ajira ya mashamba makubwa na viwanda: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yasema kwamba mwajiriwa akifanya kazi siku ya sikukuu ya Serikali, hulipwa mara mbili ya mshahara wake wa msingi kwa kila saa aliyofanya. Andikeni saa zenu siku ile ile, msingoje mwisho wa mwezi.

Sasa mwalimu ataandika ubaoni tarehe zote tulizozitaja. Zinakilini upande mmoja wa karatasi, na upande wa pili kila mtu aandike kazi za shamba lake, mwezi kwa mwezi. Wasioandika na waketi karibu na watoto wao. Maswali tutayajibu baada ya hapo.