Darubini za Angani na Galaksi za Mbali



Nimeombwa niseme juu ya darubini zinazorushwa angani. Najua kuna mtu hapa anajiuliza, "Hayo yanatuhusu nini sisi tunaotafuta maji na karo?" Swali ni la haki. Basi nianzie hapa nyumbani. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka 7 ya uhuru, roketi iliondoka kwenye jukwaa la Waitaliano lililosimamishwa baharini pale Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Ilibeba setelaiti ya Wamarekani, na kwa heshima ya siku ile wakaiita Uhuru. Ndiyo, kwa Kiswahili chetu. Hiyo ndiyo setelaiti ya kwanza kutengenezwa hasa kwa kuchunguza miale ya eksirei itokayo kwenye nyota. Ilionyesha kwamba hata makundi makubwa ya galaksi hutoa eksirei. Baadaye ikajulikana kwamba kati ya galaksi hizo kumejaa gesi yenye joto la mamilioni ya digrii.

Galaksi ni nini? Ni mkusanyiko wa nyota, mabilioni kwa mabilioni, zilizoshikwa pamoja na uvutano. Jua letu ni nyota moja tu ndani ya galaksi yetu. Ule utepe mweupe unaokatiza mbingu usiku usio na mwezi ndiyo galaksi yetu, tukiitazama kutoka ndani. Jirani yetu mkubwa anaitwa Andromeda. Mwezi wa Novemba, kama saa tatu usiku, mahali pasipo na taa, tazama kaskazini: utaona kama alama ndogo ya moshi. Mwanga huo uliondoka kule miaka milioni 2.5 iliyopita. Mwanga hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde moja, lakini njia nayo ni ndefu. Kwa hiyo kutazama mbali ni kutazama zamani. Shikeni neno hilo, mengine yote yanatoka hapo.

Sasa, kwa nini wasitazame kutoka juu ya mlima tu, wakaokoa gharama? Wako wanaotazama kutoka milimani, na wanaona mengi. Taabu ni hewa. Mmeona barabara ya lami wakati wa jua kali, vitu vya mbali vinavyotikisika? Hewa huutikisa mwanga wa nyota vivyo hivyo. Eksirei nazo huzizuia kabisa, na tushukuru, maana zingetudhuru.

Ndiyo sababu mnamo Aprili 1990 Wamarekani, wakisaidiwa na nchi za Ulaya, walirusha darubini iitwayo Hubble. Ati baada ya miaka yote ile ya kazi, picha zikaja na ukungu! Kioo chake, chenye upana wa mita 2.4, kilikuwa kimesuguliwa vibaya ukingoni kwa kiasi kama cha unywele uliogawanywa mara 50. Watu walicheka sana. Desemba 1993 wanaanga walipanda huko wakaitengeneza, tuseme wakaivisha miwani.

Miaka miwili baadaye Robert Williams, mkurugenzi wa taasisi iliyoiongoza darubini hiyo kutoka mji wa Baltimore, akafanya jambo ambalo wataalamu wenzake kadhaa walimshauri asilifanye. Aliielekeza Hubble mahali ambapo hapakuonekana kitu. Kipande chenyewe cha mbingu kilikuwa kidogo kama punje ya mchanga uliyoishika mkono ukiwa umenyooshwa. Akaiacha ikodoe macho hapo siku 10, Desemba 1995. Kumbukeni kwamba wataalamu wa dunia nzima walikuwa wakigombania hata saa chache za darubini hiyo. Kama picha ingetoka tupu, kicheko kingerudi upya.

Hebu fikirini paa la mabati na tangi. Mvua ikiwa ya rasharasha hupati hata ndoo kwa dakika tano. Lakini iache inyeshe usiku kucha, asubuhi tangi lina maji. Mwanga wa mbali ni rasharasha. Hubble ilipiga picha 342 za mahali pale pale, zikajumlishwa pamoja. Katika ile punje ya mchanga wakahesabu galaksi kama 3,000. Na Williams hakuzifungia picha kabatini. Januari 1996 zilitolewa kwa wataalamu wote. Mimi hilo nalisifu kuliko hata picha zenyewe.

Lakini Hubble ilifikia ukomo. Ulimwengu unatanuka, na mwanga uliosafiri muda mrefu mno huvutika njiani kama mpira wa tyubu mnaofungia mizigo kwenye baiskeli. Huvutika mpaka jicho lisiuone tena, ukawa wa jamii ya lile joto unalolisikia ukisogeza mkono karibu na jiko. Kuupokea huo, tarehe 25 Desemba 2021 ilirushwa darubini ya James Webb. Kioo chake ni vipande 18 vilivyopakwa dhahabu, upana mita 6.5. Iko kilomita milioni 1.5 kutoka hapa, nyuma ya mwavuli wa tabaka tano ulio mkubwa kama uwanja wa tenisi, maana chombo chenye joto kingejimulika chenyewe.

Mwaka 2025 ilitangazwa kwamba Webb imeona galaksi iitwayo MoM-z14, kama ilivyokuwa miaka milioni 280 tu baada ya ulimwengu kuanza. Ulimwengu una umri wa miaka bilioni 13.8, kwa hiyo ni kama kumwona mzee wa miaka 98 akiwa na umri wa miaka miwili. Tena galaksi hizi za mwanzo zinang'aa kuliko hesabu za wataalamu zilivyotabiri. Zilipataje nyota nyingi hivyo upesi namna ile? Wamegawanyika, kila kundi na maelezo yake.

Picha hizo hazilipiwi. Mwalimu mwenye simu ya intaneti anaweza kuzionyesha darasani hata kesho. Haya, nani ana swali la kwanza?