Paulo Hakukubali Kutolewa kwa Siri
Somo: Matendo ya Mitume 16:35-40

 

Leo tunasema juu ya ushahidi. Tumezoea kutoa ushahidi kanisani: niliugua, Bwana akaniponya. Ni vema. Lakini kuna ushahidi mwingine, ndio kusema uliyoyaona siku jirani yako alipoonewa.

Mwaka 1997, mwaka ule Mobutu alipoondoka na nchi yetu ikaacha kuitwa Zaire, kulikuwa na mkutano mkubwa huko Vancouver, Kanada. Tarehe 25 Novemba wakuu wa nchi za Asia na Pasifiki walikutana ndani ya kampasi ya Chuo Kikuu cha British Columbia, katika jengo la makumbusho. Mmoja wao alikuwa Suharto wa Indonesia, mtawala wa zaidi ya miaka 30, ambaye jeshi lake lilivamia Timor ya Mashariki mwaka 1975 na kumwaga damu nyingi. Wanafunzi waliona si haki apokelewe kwa heshima shuleni kwao huku wamenyamaza. Wakaandamana. Polisi waliweka uzio, wakawapulizia dawa ya pilipili machoni, wakawakamata wengi. Mwanafunzi mmoja wa sheria alikamatwa, naye alikuwa na vibao tu, vimeandikwa uhuru wa kusema, demokrasia, haki za binadamu.

Waziri Mkuu Jean Chrétien alipoulizwa juu ya pilipili hiyo, alijibu kwa mzaha kwamba yeye pilipili huitia kwenye sahani yake.

Jambo lingeweza kuishia kwenye mzaha huo. Lakini walioona hawakunyamaza. Waliandika malalamiko, wakasimama mbele ya tume, wakaulizwa maswali. Ilichukua karibu miaka minne. Mwaka 2001 Ted Hughes, jaji mstaafu, alitoa taarifa yake: kazi ya polisi haikufikia kiwango kinachotakiwa, tena, katika kuwaondoa wanafunzi waliopiga hema karibu na makumbusho, serikali iliingilia kazi ya polisi isivyofaa. Waziri Mkuu alialikwa kutoa ushahidi. Hakwenda.

Sasa tufungue Matendo 16. Paulo na Sila walipigwa viboko hadharani bila kuhukumiwa. Asubuhi wakubwa wa mji wakatuma askari: waacheni waende zao. Wewe ungefanya nini? Ungeshukuru na kukimbia! Paulo alikataa. Walitupiga mbele ya watu, na sasa wanataka kututoa kimyakimya? Waje wenyewe. Na wakaja.

Tuone mambo mawili. La kwanza, Paulo hakuomba kisasi. Hakuvunja mlango hata Mungu alipoufungua. Alitaka ukweli tu, ujulikane palepale ulipofichwa. La pili, usiku ule ule alimwokoa mlinzi wa gereza asijiue. Askari naye ana roho. Ndugu askari unayenisikia, hatukuchukii. Lakini kumbuka: amri ya mkubwa wako haitakujibia mbele za Mungu.

Sisi wa nchi hii tunajua usiku wa kampasi unavyoweza kuwa. Lubumbashi, Mei 1990, haijasahauliwa. Nami nina langu la kuungama.

Nilipokuwa mwanafunzi, wageni wakubwa walikuwa wanakuja mjini, na wenzetu walitaka kuandamana. Usiku askari waliingia bwenini. Walimchukua jirani yangu wa kitanda, wakampiga kwenye baraza. Niliona yote kupitia mlango. Kesho yake mama yake akaja: "Mwanangu, uliona nini?" Nikasema: "Mama, nilikuwa nimelala." Mwenzangu alirudi baada ya wiki tatu, sikio moja halisikii tena.

Miaka ikapita. Nikaokoka, nikahubiri juu ya Petro aliyemkana Bwana penye moto, na moyo ukanichoma. Nilikwenda kwa yule mama nikamwambia kweli. Hakunikaripia. Aliuliza tu: "Kwa nini si siku ile?" Sikuwa na jibu. Hata leo sina.

Mpendwa, sikutumi utupe mawe. Sikutumi utangaze jambo ambalo hukuliona. Huo ni uongo. Lakini kama uliona, na mama amesimama mlangoni anauliza, usiseme ulikuwa umelala. Kama unaogopa, nenda na mchungaji wako, nenda na wazee wawili. Paulo naye alikuwa na Sila.

Tuombe. Bwana, utusamehe ukimya wetu. Uwalinde watoto wetu walio mashuleni, na askari wanaotumwa kwao. Utupe kinywa cha kweli na moyo usio na chuki. Katika jina la Yesu. Amina.